Kishale kinachopepesa: historia ya mdudu mzee

Leo naomba tuongee juu ya kitu kidogo sana ambacho unakitazama siku nzima bila kukitia maanani: kile kishale kinachofuata kipanya chako kwenye skrini. (Wengine hukiita kasa. Mimi nalikwepa neno hilo kwa sababu kwa ndugu zetu wa pwani kasa ni mnyama wa baharini, na sitaki mtu aje hapa akitafuta habari za uvuvi.) Swali la leo ni hili: kwa nini kwenye kompyuta kuukuu zinazoendeshwa na Linux kishale hicho wakati mwingine hupepesa, yaani kinazimika na kuwaka, na kwa nini ugonjwa huo haujaisha baada ya zaidi ya miaka 50 ya kutibiwa na watu wenye akili nyingi?

Nimelazimika kulitafutia jibu kwa sababu ya maabara ya shule moja ya upili hapa Kenyenya, ambayo sitaitaja jina. Ina mashine 14 za msaada, za enzi ya Pentium 4, na bodi ya shule ilishaanza kuzungumzia kuziuza kwa kilo kama vyuma chakavu. Nitafika huko. Lakini ukitaka kuielewa draiva ya leo huna budi kurudi nyuma kwanza, maana ndani ya draiva kuna matabaka ya historia kama udongo wa kisima: kila futi unayoshuka unakutana na rangi nyingine.

Tuanze na msingi. Kuna njia mbili za kukionyesha kishale.

Ya kwanza ni ya programu. Skrini nzima ni eneo la kumbukumbu ambamo kila pikseli ina namba ya rangi yake. Programu inanakili pembeni kipande kilicho mahali kishale kitakapokaa, inachora kishale juu yake, na kipanya kikisogea inarudisha kile kipande kisha inaanza kazi hiyo hiyo mahali papya. Ni kama kubandika karatasi kwenye ukuta uliopakwa rangi: kila ukiibandua, lazima upake upya pale palipobanduka. Kati ya kubandua na kubandika kuna kitambo ambapo karatasi haipo popote. Monita ikichora wakati huo huo, jicho lako linaona pengo.

Njia ya pili ni ya maunzi. Hapa ukuta hauguswi kabisa. Picha ya kishale inakaa peke yake kwenye kumbukumbu, na chipu ya michoro inaichanganya na picha ya skrini pale pale inapotuma mistari kwa monita. Hii ni kama kumulika ukuta kwa tochi: unasogeza mwanga huku na huku na rangi ya ukuta haina habari. Kusogeza kishale ni kuandika namba mbili tu kwenye rejista, ya mlalo na ya wima, basi.

Njia ya pili ni bora, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba inahitaji saketi ya ziada, na saketi ni pesa. Kwa hiyo historia nzima ya kishale ni mvutano juu ya nani alipe: chipu ya michoro au prosesa.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alipanda jukwaani na kuonyesha kipanya mbele ya umati wa wataalamu. Kipanya cha kwanza kilikuwa kisanduku cha mbao kilichoundwa na mhandisi mwenzake Bill English. Ile alama iliyofuata kipanya kwenye skrini, timu ya Engelbart waliiita "bug", yaani mdudu. Nilicheka niliposoma hilo. Waandishi wa programu tunatumia neno hilo hilo kwa hitilafu, kwa hiyo kishale kilianza maisha kikiwa mdudu na miaka yote hii bado tunakiwinda kama mdudu.

Mwaka 1973 maabara ya Xerox PARC kule California ikatengeneza Alto, mashine yenye skrini iliyosimama wima ya pikseli 606 kwa 808. Kishale chake kilikuwa mraba wa pikseli 16 kwa 16, na kilichanganywa kwenye picha wakati wa kuituma kwa skrini bila kugusa picha yenyewe. Kwa maneno mengine, moja ya mashine za kwanza kabisa kuwa na kishale kama tunachokijua ilikuwa tayari imetatua tatizo la kupepesa. Sasa mtu atauliza: kama dawa ilikuwepo 1973, sisi tunahangaika na nini? Jibu ni kwamba Alto haikuuzwa madukani. Waliokuja kuuza kwa umma walianza kukata gharama.

Macintosh ya 1984 ni mfano mzuri. Skrini ya pikseli 512 kwa 342, prosesa ya Motorola 68000, na hakuna saketi ya kishale. Kila kitu kilichorwa na prosesa. Lakini waliifanya kazi kwa ustadi. Kwenye skrini za zamani za kioo kizito, mwale wa elektroni huchora mistari kutoka juu hadi chini, kisha unahitaji kitambo kidogo kurudi juu uanze tena. Katika kitambo hicho hakuna kinachochorwa, kwa hiyo ukibandua na kubandua karatasi yako hapo, hakuna atakayekuona. Macintosh ilihamisha kishale chake katika kitambo hicho, karibu mara 60 kwa sekunde. Na maktaba ya michoro ya QuickDraw, kazi ya Bill Atkinson, ilikuwa na adabu ya kukificha kishale pale tu kitu kilipochorwa chini yake. Mwaka uliofuata, 1985, Amiga ikaja na njia ya maunzi: picha ndogo zinazoelea juu ya skrini, zile zile zinazotumika kwenye michezo, na moja wapo ikapewa kazi ya kuwa kishale. Watoto wa Amiga hawakujua kupepesa ni nini.

Sisi kwa bahati mbaya hatukurithi Amiga. Tulirithi kompyuta za ukoo wa IBM. Kadi ya VGA ya 1987, ambayo ndiyo babu wa kila kadi ya kompyuta za mezani zilizotufikia, ilikuwa na kishale cha maunzi kwa ajili ya maandishi tu, kile kimstari kinachowaka na kuzimika. Kwa picha haikuwa na chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wa chipu kama S3 walianza kuongeza kishale cha picha cha pikseli 64 kwa 64. Kilikuwa cha rangi mbili tu pamoja na uwazi. Shika neno hilo, rangi mbili, litatusumbua baadaye.

Upande wa Unix, mfumo wa madirisha wa X ulianza MIT mwaka 1984 chini ya Bob Scheifler na Jim Gettys, na toleo la 11 ambalo bado linatumika lilitoka 1987. X iliandikwa iweze kukaa juu ya mashine ya aina yoyote, kwa hiyo ilibeba kishale cha programu kwa wale wasio na saketi. Msimbo huo bado upo kwenye seva ya X hadi leo, katika faili inayoitwa misprite.c. Ukipata nafasi isome, ni fundisho. Seva inakaa mlangoni mwa kila kazi ya uchoraji: programu yoyote ikitaka kuchora mahali panapogusana na kishale, kishale kinaondolewa kwanza. Hakirudishwi hapo hapo. Kinarudishwa seva ikishamaliza foleni ya kazi na kutaka kusinzia kidogo. Foleni ikiwa ndefu, kishale kinakaa nje muda mrefu.

Hii inakupa kipimo cha kwanza cha uchunguzi, na hakihitaji kifaa chochote. Weka kishale juu ya video inayocheza au ukurasa unaosogea. Kikipepesa hapo lakini kikatulia ukikiweka pembeni ambako hakuna kinachobadilika, una kishale cha programu. Kishale cha maunzi hakijali kilicho chini yake.

Mradi wa XFree86 ulianza 1992 na ndio ulioleta X kwenye kompyuta za watu wa kawaida wenye Linux. Kadi zilikuwa nyingi, nyaraka za chipu zilikuwa chache, na draiva nyingi ziliandikwa kwa kubahatisha. Kishale cha maunzi kilipokuja kikiwa kimeharibika, mraba wa takataka badala ya kishale, ushauri wa kawaida ulikuwa mmoja: fungua faili ya mipangilio, ongeza mstari wa "SWcursor", anzisha upya. Mstari huo unaiambia seva iachane na saketi na kuchora kishale yenyewe. Takataka zinaondoka, kupepesa kunaingia. Ni kama yule fundi anayezima kengele badala ya kuzima moto, lakini kwa haki, wakati huo haikuwepo njia nyingine.

Kisha mwaka 2003 likaja jambo zuri lililoleta balaa. XFree86 4.3 ilitoka ikiwa na vishale vya rangi nyingi, vyenye kivuli na kingo laini, kazi ya Keith Packard. Vilipendeza sana. Lakini unakumbuka ile saketi ya rangi mbili? Chipu isiyoweza kuonyesha kishale cha rangi kamili haina la kufanya, na seva inarudi kimya kimya kwenye njia ya programu. Ukibadilisha mandhari ya mezani kwako, unapoteza kishale cha maunzi bila kuambiwa. Mtu anaona kompyuta yake iliyokuwa sawa jana imeanza kupepesa leo, na hajagusa draiva hata kidogo. (Mwaka 2004 ukazuka ugomvi wa leseni, watu wengi wakahama XFree86 na kwenda X.Org. Ugomvi huo unastahili makala yake, si hapa.)

Sasa turudi kwetu. Miaka hiyo hiyo ndiyo miaka ambayo kompyuta zilianza kuingia kwa wingi kwenye shule za Kenya, na nyingi hazikuwa mpya. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza 2002, likipokea mashine zilizotumika, likizifanyia ukarabati na kuzipeleka shuleni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Oktoba mwaka huo huo Ubuntu ikatoka, na kampuni ya Canonical ikawa inatuma CD bure kwa posta hadi ilipoacha mwaka 2011. Usidharau zile CD. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, mtandao wetu ulipita kwenye setilaiti, na kupakua mfumo mzima lilikuwa jambo la watu wenye ofisi kubwa.

Ukiunganisha hayo matatu unapata picha kamili: chipu za zamani, programu mpya yenye vishale vya rangi, na watu wasio na mtandao wa kutafuta dawa. Ushauri wa "SWcursor" ulisafiri kwa mdomo na kwa diski. Faili ya mipangilio ikinakiliwa kutoka mashine moja hadi nyingine, mstari huo uliambatana nayo hata pale ambapo chipu haikuuhitaji.

Ndivyo nilivyoukuta kwenye maabara ya Kenyenya. Mwalimu wa kompyuta ni mtu mzima, ameifundisha nusu ya mji huu kuandika kwa vidole kumi. Alinionyesha mashine, kishale kikicheza kama nzi juu ya meza.

"Kijana, hii ni stima tu. Hapa stima ikicheza, kila kitu kinacheza."

"Mwalimu, ingekuwa stima, hata maandishi yangepepesa. Tazama, maandishi yametulia."

"Basi ni monita."

Tukabadilisha monita. Kishale kikaendelea. Tukaweka kishale juu ya ukurasa tupu, kikatulia. Tukaanza kusogeza ukurasa wenye maandishi mengi, kikawa wazimu. Kipimo cha misprite. Nikafungua faili ya mipangilio, na mstari ulikuwa pale, juu yake maelezo ya mtu asiyejulikana akieleza kadi ambayo haimo hata ndani ya mashine ile. Nikaufuta, nikaanzisha X upya, na sehemu kubwa ya tatizo ikaisha kwenye mashine zote 14 kwa mchana mmoja. Ningeweza kukunywa chai yangu na kwenda nyumbani.

Ila mwalimu ana jicho kali. "Bado," akasema. "Ngoja ifungue programu." Akafungua programu ya ofisi, kishale kikageuka kile kiduara kinachozunguka cha kusubiri, na kila baada ya muda kidogo kikakatika. Hakikuzimika chote kwa muda mrefu kama mwanzo. Kilikatwa, kikarudi, kikakatwa tena, bila mpangilio. Programu ikishafunguka na kishale kurudi kuwa mshale wa kawaida, kimya.

Hii ni tabia tofauti, na hapa ndipo tunaposhuka futi nyingine kisimani.

Machi 2009 kerneli ya Linux 2.6.29 ilitoka ikiwa na mabadiliko makubwa: kazi ya kupanga skrini ilihamishwa kutoka seva ya X hadi ndani ya kerneli, kwa chipu za Intel kwanza. Tangu hapo seva ya X haiandiki tena kwenye rejista za kishale. Inaiomba kerneli: weka picha hii, sogeza hapa. Kwa hiyo jibu lilikuwa ndani ya draiva ya kerneli inayoitwa i915.

Mashine za maabara zina chipu ya 865G, ya mwaka 2003, ndugu wa 845G ya 2002. Ukifungua msimbo wa kishale ndani ya i915 utakuta chipu hizi zina sehemu yao peke yao, na juu yake maelezo yanayosema wazi kwamba anwani ya picha ya kishale, ukubwa wake na hatua ya mistari yake vinaweza kubadilishwa tu kishale kikiwa kimezimwa. Basi draiva inafanya hivyo hasa: inaandika sifuri kwenye rejista ya udhibiti, inaandika anwani mpya, ukubwa, mahali, kisha inawasha. Kishale kikisogea tu bila kubadilika umbo, draiva inaandika mahali papya pekee na hakuna kuzima. Kosa la mtu hapa silioni. Ndivyo saketi ilivyojengwa zama hizo, na mwandishi wa draiva ameifuata kanuni yake kama inavyotakiwa.

Sasa fikiria kiduara kinachozunguka. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, lakini kwa mashine ni mfululizo wa picha tofauti, na draiva ya X iliyokuwa ikitumika pale inaiweka kila picha kwenye bafa yake. Kila hatua ya mzunguko ni anwani mpya. Kila anwani mpya ni kuzima na kuwasha.

Nilitaka uhakika. Niliongeza mstari wa kuchapisha ujumbe ndani ya sehemu hiyo ya draiva ili nihesabu ni mara ngapi inapita kwenye njia ya kuzima. Kuijenga kerneli kwenye Pentium 4 ni adhabu ya usiku kucha, na hapa usiku kucha bila stima kupotea ni bahati nasibu, kwa hiyo niliijenga kwenye laptopu yangu na kuihamisha kwa flashi. Matokeo yalikuwa safi. Kipanya kikisogea bila kubadilika umbo: sifuri. Kiduara kikizunguka: takriban mara 20 kila sekunde.

Mtu atasema, mbona basi hakipepesi mara 20 kwa sekunde? Kwa sababu kuzima na kuwasha huchukua muda mfupi mno, na jicho litaliona pengo pale tu skrini inapokuwa inachora mistari ile ile yenye kishale. Piga hesabu. Skrini ya 1024 kwa 768 kwa mara 60 kwa sekunde ina mistari 806 ukijumlisha na ile isiyoonekana. Kishale cha pikseli 32 kinachukua mistari 32. Gawanya, unapata karibu asilimia 4. Mara 20 kwa sekunde zidisha kwa asilimia 4 ni kama 0.8, yaani takriban mara 4 katika kila sekunde 5. Nilichukua simu, nikarekodi skrini kwa video ya mwendo wa polepole, nikahesabu, na idadi haikuwa mbali na hiyo. Napenda sana hesabu inapokubaliana na simu ya mkononi.

Nilifikiria kurekebisha draiva yenyewe: badala ya kuhamia bafa nyingine, picha mpya iandikwe juu ya ile ya zamani katika anwani ile ile, na kishale kisizimwe. Inawezekana, nilijaribu. Tatizo linahama tu. Sasa skrini inaweza kuchora nusu ya juu ya picha ya zamani na nusu ya chini ya picha mpya. Kwa kiduara huoni tofauti, kwa mshale unaogeuka kuwa mkono unaona zimwi. Nikaacha. Dawa niliyoiweka ni ya kienyeji lakini inafanya kazi: mandhari ya vishale isiyo na picha zinazozunguka. Saa ya kusubiri imekaa tuli, haizunguki, haikatiki. Wanafunzi hawakulalamika hata mmoja. Wana mtihani wa vitendo wa somo la kompyuta kwenye KCSE wa kuwaza, na kwa mazoezi yao wanachotaka ni kubofya seli ya jedwali na kuipata mara ya kwanza.

Wala usidhani Intel peke yake ndio wenye mambo haya. Draiva ya radeon, ya kadi za ATI, ina kanuni moja inayonifurahisha kila nikiisoma. Kwenye kizazi cha chipu kilichoanza na kadi za X1000 mwaka 2005, skrini mbili zikiwa zimewashwa pamoja, picha ya kishale hairuhusiwi kuishia kwenye pikseli inayogawanyika kwa 128. Draiva inapima kila mara kishale kinaishia wapi, na ikiona kitaangukia kwenye mpaka huo inapunguza upana wa picha kidogo. Huwezi kuigundua kanuni kama hiyo kwa kufikiri. Lazima mtu amekaa na mashine, akasogeza kipanya polepole kuvuka skrini, na kuona kitu cha ajabu kila baada ya hatua fulani. Draiva hiyo hiyo pia hufunga rejista za kishale kabla ya kuzibadilisha na kuzifungua baadaye, ili chipu isisome anwani mpya pamoja na mahali pa zamani.

Msimbo wa namna hii ni maarifa ya thamani na sasa unaanza kuondolewa. Machi 2022 maktaba ya michoro ya Mesa, toleo la 22.0, iliachana na draiva zake za kale, zikiwemo zilizohudumia michoro ya pande tatu kwenye chipu kama 865G, zikabaki kwenye tawi la pembeni linaloitwa Amber. Aprili 2023 kerneli 6.3 ikatoa draiva za zamani za i810, Matrox, Rage 128, Savage, SiS, 3dfx na VIA kwa mpigo mmoja. Agosti 2025 Debian 13 ikatoka bila kerneli wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32 za ukoo wa IBM. Siwalaumu. Msimbo usio na mtu wa kuujaribu huoza, na waliokuwa wakiutunza hawana tena mashine hizo mezani. Sisi tunazo, lakini nani kati yetu aliwahi kutuma ripoti ya hitilafu kutoka Gucha? Orodha za draiva zinapopitiwa ili zipunguzwe, hakuna anayejua kwamba kuna watoto 40 wanaozitumia hapa.

Kwa maabara ile nimewaambia ukweli. Zimewekwa Debian 12, ambayo timu ya msaada wa muda mrefu imepanga kuishughulikia hadi Juni 2028. Baada ya hapo zitaendelea kuwaka, lakini sitazishauri ziguse mtandao. Pia zinakula stima kuliko mashine yoyote ya leo inayofanya kazi hiyo hiyo, na bili ya shule inalipwa na wazazi wanaouza ndizi na chai. Bodi imekubali zibaki kwa sasa na isiziuze kwa kilo, na inatafuta mashine za biti 64 zilizotumika. Hizo zipo nyingi zaidi sokoni tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Zikifika, kiduara cha kusubiri kinaweza kurudi. Kwenye chipu za Intel za vizazi vilivyofuata, kanuni ya kuzima kwanza haipo. Draiva inaandika rejista zake kwa utaratibu, na kuandika anwani ya picha mwishoni ndiko kunakoiambia chipu ichukue yote kwa pamoja fremu inayofuata ikianza. Ni kile kile kitambo cha mwale kurudi juu kilichotumiwa na Macintosh ya 1984, ila safari hii saketi ndiyo inayokisubiri badala ya prosesa.